Wimbi la Otilia

Lori lililobeba shaba lilipanda kwenye mizani ya Makambako saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia lami, na Otilia Mgaya akajua kabla namba hazijatulia kwamba ekseli ya nyuma imezidi. Alikuwa amepima magari kwa miaka ishirini na sita. Zamani yalikuja yakinguruma na kutapika moshi. Siku hizi yalikuja kimya, yakitumia betri na kujiendesha yenyewe sehemu kubwa ya safari, ila sheria bado ilitaka binadamu ashike usukani penye milima. Kelele au kimya, tani ni tani. Otilia alizisikia kwa nyayo, kupitia sakafu ya kibanda chake.

"Jumla yako iko sawa," alimwambia dereva kwenye kipaza sauti. "Mzigo ndio umekaa vibaya. Sogeza vifurushi viwili mbele."

Dereva akashuka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, kilemba kichwani, na lafudhi ya Tanga iliyojaa kinywani.

"Dada yangu, nimetoka Tunduma na mzigo huuhuu, hakuna aliyenisemesha."

"Huko hukukutana na mimi."

Dereva akacheka, akapanda ubavuni mwa lori, akainua mkono kulegeza mkanda wa turubai. Kikwapa cha fulana yake kikafunguka. Pale pembeni, mahali ambapo titi lingeanza kama lingekuwepo, Otilia akaona chini ya ngozi kinuru cha buluu, kidogo kama punje ya mchele. Kikawaka, kikafifia, kikawaka tena.

Otilia alisahau kufunga kipaza sauti. Alikuwa na punje kama ile ubavuni mwake mwenyewe. Alijua kwamba wako wanawake mia mbili na kumi na wawili wengine wenye nazo, kutoka Bukoba hadi Masasi. Kwa miaka sita hakuwahi kumwona hata mmoja, kwa sababu mkataba ulikataza wasijuane.

Kisha likaja wimbi. Lilimjia kila baada ya dakika ishirini na tatu hivi, kijoto chepesi kikipita mbavuni, na yeye alishalizoea kama mtu anavyozoea kupumua. Lakini asubuhi ile alimwona dereva, mkono ukiwa bado kwenye mkanda, akiacha kuvuta. Akafumba macho. Mabega yakamshuka. Akatoa pumzi ndefu.

Lilikuwa wimbi lilelile, kwa wakati uleule, na lilikuwa limetoka mwilini mwa Otilia.

Alitoka kibandani akishika fremu ya mlango. "Unaumwa, mdogo wangu?"

"Hata. Ni hiki kidude." Dereva akajigusa ubavuni. "Mimi nilipata saratani ya titi, dada. Nikapona, nikanenepa, mwili ukawa unawaka ndani kwa ndani. Viungo, usingizi, kila kitu. Wakaniwekea hii punje. Sasa likija hili joto, huwa kama mtu amekuwekea kiganja akakwambia, basi, tulia. Wanasema yuko mtu mahali, hatujui wapi, mwili wake ndio unatutuliza sote."

"Mtu gani?" Otilia akauliza.

"Hawatwambii. Miye namwombea tu kila swala. Huwa nawaza atakuwa mwembamba huyo, anakimbia asubuhi, anakula majani." Akacheka tena. "Mimi naitwa Zamda. Zamda Semkiwa. Haya, nipime tena."

Otilia, mwenye kilo mia moja na kumi na nane, akarudi kibandani akampima. Ekseli zote zilikuwa sawa. Alifungua kizuizi, akabaki amesimama mpaka lori likamezwa na ukungu wa barabara ya Iringa.

*

Ilikuwa hivi. Saratani ilimkuta Otilia akiwa na miaka arobaini na sita. Walimtoa titi la kulia, wakampa dawa za kemo, wakampa mionzi, kisha vidonge vya kuzuia homoni ambavyo alivimeza kwa miaka. Alipona. Ila alipokuwa akipona uzito ulipanda, kilo themanini zikawa mia, mia zikawa mia na kumi na nane, na kila alipokwenda kliniki aliambiwa neno moja pamoja na wenzake: punguzeni uzito.

Walikuwa na sababu. Seli ya mafuta ikijaa kupita kiasi hufa, na ikifa, askari wa mwili huja kuizunguka, kama watu wanavyozunguka ajali barabarani. Tofauti ni kwamba hawa wakishafika hawatawanyiki. Wanakaa duara, wanatoa kemikali za vita, wanaita wenzao. Madaktari wanauita mchochota. Ni moto usio na ndimi, unafuka tu, na palipo na moto huo mabaki ya saratani hupata pa kujilaza na kuota upya. Wako waliopungua kilo na moto ukazimika. Wako waliopungua na moto ukaendelea. Wako hata wembamba waliokuwa wakifuka ndani bila mtu kujua. Mizani peke yake haikusema kila kitu, na hilo mpimaji wa magari hakuhitaji kufundishwa.

Kituo cha Tishu Hai cha Iringa kilipima wanawake elfu nne waliopona saratani ya titi. Siku moja Dk. Lwitiko Mwakalinga, kijana wa Rungwe aliyekuwa na mvi kabla ya wakati wake, alimpigia Otilia simu akamwomba aje. Alimkalisha mbele ya ukuta wa skrini, akazima taa.

Ukuta ukageuka dhahabu. Seli za mafuta zilijipanga hadi darini, kubwa, mviringo, zimejaa mwanga kama masega ya asali yaliyoinuliwa juani. Katikati yake askari wa mwili walikuwa wakitembea. Otilia alikuwa ameonyeshwa picha za watu wengine, zile duara za mapigano, akatarajia kuziona. Hazikuwepo. Askari walikwenda kutoka seli moja hadi nyingine, wakagusa, wakapita, kama wanawake wanaosalimiana gulioni.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya kwako, mama. Subiri kidogo."

Wakasubiri. Kisha kitu kikapita kwenye ile dhahabu, kama mtetemo wa maji mtu akitupa kokoto, na askari wote, maelfu kwa maelfu, wakapunguza mwendo kwa pamoja. Seli iliyokuwa inakufa pembeni ilimezwa taratibu, ikaisha, na hakuna aliyebaki kuizunguka.

"Mwili wako unajituliza," Dk. Lwitiko alisema. Alikuwa akinong'ona kama yuko kanisani. "Kila baada ya dakika ishirini na tatu. Nimelitazama wimbi hili wiki nzima na bado nikiliona nywele zinanisimama."

Kwa miaka mitano Otilia alikuwa ameona haya kwa ajili ya mwili ule. Aliufichia masweta, aliugeuzia mgongo kila kioo. Sasa alikuwa ameketi gizani akiutazama umejaa ukuta mzima, na machozi yalimtoka kwa sababu ulikuwa mzuri.

Walijaribu kwanza kulirekodi wimbi na kuwapelekea wengine. Punje iliyowekwa ubavuni, yenye seli za mgonjwa mwenyewe zilizofunzwa, ilipokea mpigo na kutoa vituliza kwa wakati. Ilifanya kazi siku kumi na moja. Halafu miili ikaikariri rekodi, ikaizoea, ikaipuuza. Mwili si mjinga. Wimbi la Otilia lenyewe halikurudi sawa mara mbili: lilifuata baridi ya Makambako, viazi alivyokula, ugomvi wa kazini, huzuni ya msiba. Kwa hiyo waliacha rekodi wakamuunganisha yeye mwenyewe, kwa punje iliyorusha mpigo wake hewani moja kwa moja, usiku na mchana. Yeye akaitwa chemchemi. Hawakupata chemchemi nyingine katika wale elfu nne.

*

Wiki ileile aliyokutana na Zamda, Otilia alikwenda kumwona daktari wa moyo. Dk. Kokushubila alikuwa mama wa Kihaya asiyezungusha maneno.

"Valvu ya moyo wako imechoka, dada Otilia. Lazima kifua kifunguliwe, itengenezwe. Lakini kwa uzito huu siwezi kukulaza mezani nikakuahidi utaamka. Shuka mpaka tisini na tano, nitakufanyia."

"Nisiposhuka?"

"Miaka miwili. Ukiwa na bahati, mitatu."

Kutoka hapo alikwenda kwa Dk. Lwitiko, akamkuta ameshaipata taarifa, na uso wake ulionyesha hajalala. Wote wawili walikuwa wanakumbuka mwaka uliopita, Otilia alipougua homa ya matumbo akapungua kilo tano kwa wiki tatu. Wimbi lilikatikakatika. Vipimo vya mchochota vya wanawake kumi na tisa vilipanda hadi kwenye wekundu wa hatari, na mmoja wao, aliyejulikana kwa Otilia kama namba themanini na nane tu, saratani ilimrudia.

"Hatuwezi kusema ilirudi kwa sababu hiyo," Dk. Lwitiko alisema.

"Wala hamwezi kusema siyo."

"Hapana. Hatuwezi. Mama, sitakuomba ubaki ulivyo. Sheria inanikataza, na hata isingenikataza nisingethubutu. Lakini siwezi kukuficha. Mafuta yako ndiyo kinanda kinachopiga huo mpigo. Ukiyapunguza, sijui kitatokea nini."

Nyumbani, binti yake Editha, mwalimu wa shule ya msingi, hakutaka hata kusikia mjadala. "Mama, wewe si kiwanda."

"Najua."

"Basi shuka. Kesho uanze."

"Editha, ungekuwa wewe ndiye mmoja wa wale mia mbili?"

Editha akageukia kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

*

Zamda alirudi baada ya siku tisa, lori tupu, akielekea Tunduma. Otilia alimwomba aegeshe pembeni, akamwita kibandani, akammiminia chai ya maziwa. Alijua kwamba anavunja mkataba. Alikuwa ameuvunja moyoni tangu asubuhi ile ya ukungu.

"Yule unayemwombea," alisema, "hali majani."

Zamda alishusha kikombe.

Otilia akapandisha sweta. Punje yake ilikuwa kushoto, upande wenye titi, ikiwaka buluu. Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika nne. Wakakaa wakiitazama, mpimaji na dereva, chai ikipoa, malori mawili nje yakipiga honi kuulizia zamu yao. Lilipokuja, Zamda alikuwa ameshika mkono wa Otilia, na wote wawili walivuta pumzi moja.

"Subhanallah," Zamda alisema. Alimtazama Otilia kuanzia miguuni, yale mapaja yaliyojaa kiti, tumbo, shingo, kwa umakini wa mtu anayeitazama Kaaba kwa mara ya kwanza. "Ni wewe. Ni huu mwili. Dada, huu mwili umenilaza usingizi miaka mitano!"

Otilia akamweleza kuhusu moyo. Kuhusu tisini na tano. Kuhusu namba themanini na nane.

Uso wa Zamda ukabadilika. "Kwa hiyo unafanya nini hapa? Unasubiri ufe ili mimi nipone?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Usiniulize mimi! Unanipa mimi kisu nikate?" Alisimama, akazunguka kibanda kile kidogo, akakaa tena. "Tuulize wote. Hii habari si ya kwako peke yako kuibeba, wala si ya daktari. Tuite wote, tuonane macho kwa macho."

*

Dk. Lwitiko alilalamika siku tatu kuhusu mkataba, kisha akaandika barua mwenyewe. Walikuja wanawake mia moja na tisini na wanane, wakajaa ukumbi wa kituo pale Iringa. Walikuja wanene na wembamba, wenye hijabu, wenye masista wa kuwashika mkono, mmoja akiwa na gwanda la zimamoto. Waliketi wakitazamana kwa wizi, kila mmoja akitafuta kinuru cha buluu kwa mwenzake, wakiulizana nani ndiye.

Otilia alikuwa ameketi safu ya tatu kama wao. Alilisikia wimbi likianza nusu sekunde kabla ya yeyote, chini kabisa ya mbavu. Kisha likafika.

Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyeomba kimya. Maneno yaliachwa katikati, vicheko vilikatika, feni ya darini ikasikika kwa mara ya kwanza. Mabega ya wanawake mia moja na tisini na wanane yakashuka. Pumzi mia moja na tisini na nane zikatoka kwa pamoja, zikafanya sauti moja kubwa laini ambayo Otilia hakuwahi kuisikia popote. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Kwa miaka sita aliambiwa idadi. Idadi haikuwa imemwandaa kwa hili.

Akasimama. "Ni mimi," alisema. "Naitwa Otilia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke wa mbele alianza kulia, wengine wakainuka wamwone. Akawaambia yote bila kupamba.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada mdogo kutoka Moshi, Ndeshi, miaka thelathini na mbili, amebeba pacha mmoja mgongoni. "Mimi sikubali," alisema. "Naomba mnisamehe. Watu wataongea vizuri hapa, watasema nenda mama, Mungu akubariki. Mimi nina watoto wa miezi tisa. Sikubali. Baki ulivyo miaka hiyo mitatu, daktari atafute kitu kingine."

Mnong'ono wa hasira ukapita. Otilia akainua mkono kuuzuia. "Mwacheni. Ningekuwa na miaka yake ningesema hivyohivyo."

Kisha akainuka mzee mwembamba aliyejifunga leso kichwani pasipo na nywele. "Naitwa Subilaga. Kwenu mimi ni namba themanini na nane."

Otilia akageuka amwone vizuri.

"Nilikuwa natafuta wa kumlaumu," mama Subilaga alisema. "Nilipopata barua nikasema, vizuri, nitamwona. Sasa nimemwona. Ni mtu aliyeugua homa ya matumbo." Akamgeukia Dk. Lwitiko. "Mmetujengea nyumba nzima juu ya mwanamke mmoja, daktari. Nasi tukaingia tukalala, hatukuuliza nani yuko chini. Mimi naumwa, ndiyo. Lakini sitaki kupona kwa mtu ambaye hana ruhusa ya kuugua."

Walibishana mpaka alasiri. Mwisho Otilia akasema alilokuja nalo. "Sikuja kuomba kura. Mkinipigia kura ya kufa nitawachukia, mkinipigia ya kuishi nitajiona nina deni. Nitashuka, lakini polepole, kilo moja na nusu kwa mwezi, na kila mtu atajua siku hadi siku namba zinasemaje. Anayetaka kutoka mapema apewe dawa nyingine, atoke. Hilo ndilo ninaloweza."

Ndeshi alifunga kitenge cha mtoto vizuri mgongoni, akatoka bila kuaga.

*

Alishuka. Alitembea kutoka nyumbani hadi mizani na kurudi, akapima ugali wake kwa kikombe, akanywa dawa ya Dk. Kokushubila ambayo ilifanya chakula kimnukie chuma. Mia na kumi na tano. Mia na kumi. Nukta mia mbili na kumi na mbili kwenye ukuta wa skrini wa Iringa, moja kwa kila mwanamke, zilibaki buluu, na Dk. Lwitiko akaanza kulala.

Kwenye mia na nne mambo yakaharibika. Mafuta yakiyeyuka humwaga vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na kwa mara ya kwanza maishani Otilia mwenyewe akaanza kuwaka. Vidole vilivimba. Kipimo cha mchochota wake, ambacho hakikuwahi kuvuka mbili, kilifika sita nukta moja. Wimbi likawa jembamba, kisha likaanza kuruka zamu. Nukta za ukutani zikageuka njano: tano, kumi na mbili, thelathini na moja. Tatu zikawa nyekundu. Moja ya zile tatu ilikuwa ya Ndeshi.

Walikuwa kituoni adhuhuri ile, Otilia kitandani, Zamda kando yake, Dk. Lwitiko amesimama mbele ya ukuta kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Nileteeni chakula," Otilia alisema.

"Dada..."

"Zamda, nileteeni wali, nileteeni chochote, narudi juu! Sitalala hapa nikiwatazama wanakuwa wekundu." Alikuwa ameshainuka, miguu sakafuni.

"Mama, subiri," Dk. Lwitiko alisema.

"Nimesubiri vya kutosha, mwanangu!"

"Subiri, mama, tafadhali. Tazama."

Hakukuwa na wimbi. Zamu yake ilikuwa imepita dakika mbili. Otilia alikuwa akiingoja ndani ya mbavu na kukuta utupu. Lakini ukutani nukta moja ya Bukoba ilicheza. Kisha ya Lindi. Kisha, bila mtu kuamrisha, mpigo ukaenea ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, buluu na njano pamoja, kama mvua inavyoanza juu ya bati kwa tone moja na ghafla ikawa paa lote. Baada ya sekunde mbili Otilia akausikia ukimgusa ubavuni. Haukuanzia chini ya mbavu. Ulikuja kutoka nje.

Alishika kitanda. "Huo si wangu."

"Si wako," Dk. Lwitiko alisema. Alirudisha kumbukumbu nyuma, akaitazama tena, akairudisha tena. Namba ya Otilia ilikuwa ikishuka: sita nukta moja, tano nukta nane, tano nukta mbili. "Hawakukungoja. Wameanza wenyewe."

Alieleza akijieleza mwenyewe, maneno yakigongana. Kila punje, ikishapokea mpigo, ilirudisha kijibu kidogo kuthibitisha kwamba imepokea. Vijibu vyote vilifika kwenye punje ya Otilia, ambayo ilitengenezwa sawa na nyingine, na seli zake ndani, ingawa yeye hakuwahi kuzihitaji. Hakuna aliyedhani vijibu ni kitu. Lakini miili mia mbili na zaidi ilikuwa imefuata wimbi lililo hai kwa miaka, kila mmoja na baridi yake, na viazi vyake, na misiba yake, na taratibu ikajifunza si mpigo mmoja bali namna ya kuupiga.

Zamda alikuwa amejishika ubavu kwa mikono miwili. "Unasema sisi ndio tunamtuliza?"

Dk. Lwitiko, mtu wa vipimo, akaketi sakafuni na koti lake jeupe, mgongo ukiwa ukutani, nuru za buluu zikimchezea mvi. "Sijui ni nani anamtuliza nani," alisema. "Sijui tena."

Thelathini na moja za njano zilirudi buluu katika wiki tano. Tatu nyekundu hazikurudi. Wale watatu walihamishiwa dawa za kawaida, na Otilia aliwaandikia kila mmoja kwa mkono wake. Wawili walimjibu. Ndeshi hakujibu.

*

Alifika tisini na nne na nusu mwezi wa kumi na sita tangu aanze. Kabla ya kumlaza mezani, Dk. Kokushubila alisema punje lazima itolewe, kwa sababu mashine ya kuzungusha damu isingevumilia chombo chochote kinachorusha mawimbi. Otilia alitia sahihi. Editha alimbusu paji la uso. Kisha taa za darini, kisha kinyago, kisha hakuna kitu.

Alipofumbua macho kulikuwa na jua la mchana dirishani na Zamda kwenye kiti, kilemba kimekaa upande. Kifua kilimuuma kama kimepitiwa na tairi. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa na bandeji ndogo, na chini ya bandeji palikuwa kimya.

"Editha yuko wapi?"

"Nimemfukuza akale. Amesimama tangu jana." Zamda akamlowesha midomo kwa pamba. "Usiongee sana."

"Ndeshi?"

"Sijui, dada. Nimempigia, hapokei. Nitaendelea kumpigia."

Otilia akafumba macho. Hilo lingekaa naye, alijua, na hakutafuta pa kuliweka. "Na wengine?"

Zamda alisogeza kiti karibu. Alikuwa amekaa chumba cha ukuta wa skrini muda wote wa upasuaji, yeye na mama Subilaga na Dk. Lwitiko, hakuna aliyethubutu kutoka.

"Moyo wako ulisimamishwa dakika tisini na moja," akasema. "Daktari mwenyewe alituambia. Dakika tisini na moja hukuwa na mapigo, hukuwa na punje, hukuwa na kitu cha kututumia. Tukasema sasa ndiyo tutaona."

"Mkaona nini?"

"Lilikuja, dada. Lilianzia kwa mtu mmoja Masasi, likashika kote. Likaja tena. Nilikuwa nahesabu kwa vidole." Akainua mkono kumwonyesha, vidole vinne vimesimama. "Wewe ulisimama. Sisi hatukusimama."